Saini ya Mzee Kasanda

Nyamizi alipofika mbele ya foleni, aliweka mezani kwa mwandishi kitabu kilichoshonwa kwa uzi. "Shikamoo, Mzee Kasanda. Hiki ndicho kilichonifanya nipende kusoma. Marehemu mama alinisomea mpaka kurasa zikalegea. Naomba saini yako."

Mzee akakipekua, uso ukamkunjamana. "Hii fotokopi! Mmekula jasho langu miaka yote, leo mnaniletea niweke saini?"

"Vya dukani havikuwahi kufika kwetu, mzee."

Akakichana katikati, akatupa vipande sakafuni. "Haya, kasome sasa."

Nyamizi akainama kuviokota. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, watu wakarudisha mikobani vitabu vyao vilivyoshonwa kwa uzi, wakaelekea mlangoni.

"Anayefuata!" akaita mzee, kalamu mkononi.