Namba Mbili

Mjiolojia aliingia kazini na shati la jana, mgongo ukimuuma kwa kiti cha wodini. Siku ya tatu hiyo mama yake amelazwa kwa kizunguzungu. Mama mwenyewe alikuwa na malalamiko mawili tu: chakula kisicho na chumvi, na manesi wasiojua jina lake.

"Nimezaa watoto saba, mwanangu, leo nimekuwa namba," alimwambia walipoagana.

Ofisini, mjiolojia mwenzake kijana, Bi Ufa, alimtazama akaguna. "Mzee, umelala kweli?"

"Nimefumba macho. Inatosha."

Jina la Bi Ufa alilipata kwa haki. Kwenye picha za mitetemo ya ardhi, baina ya kisima namba moja na namba mbili, yeye aliona ufa uliokata mwamba na kuitenga gesi ya huku na ya kule. Mjiolojia alikuwa amezikodolea macho picha hizo hizo miaka minne, na hakuona ufa wowote. Walikwisha kubishana hadi wenzao wakahama meza.

Sasa kisima ndicho kingeamua. Namba moja kilikuwa kimefunguliwa siku sita, gesi ikiwaka mchana kutwa. Namba mbili, kisima chembamba cha kupimia tu, kilifungwa, kipimo cha presha kikiwa kimeshushwa hadi chini kabisa ndani yake. Presha ya namba mbili ikishuka, basi visima vyote viwili vinakula chungu kimoja. Isiposhuka, ufa upo, na lazima kichimbwe kisima cha tatu ng'ambo yake. Mkataba wa mtambo wa kuchimbia ungeisha adhuhuri ya leo. Mtambo ukishafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye malori, kuupata tena ni ndoto, na gesi ya ng'ambo ingebaki huko huko.

Mitambo ya mawasiliano kule porini ilikuwa imekufa tangu juzi. Mafundi walikuwa wakipanda kilimani na simu ya yeyote mwenye chaji ili kutuma ujumbe.

Saa nne na robo simu ya mjiolojia ilitetemeka. Namba ngeni. "Namba mbili presha imeshuka. Tumshukuru Mungu."

Aliusoma mara tatu. Machozi yakamlenga, na hakuona haya. Alikuwa amechoka kuwa peke yake katika ubishi huu.

"Nani kaandika?" Bi Ufa aliuliza.

"Mafundi. Nani mwingine?"

"Mbona hawakutaja imeshuka kwa kiasi gani?"

"Binti yangu, kubali yaishe."

Bi Ufa akaivuta ramani, akachukua kifutio, akaufuta taratibu ule mstari wake mwekundu wa ufa. Kisha akampa mkono. "Hongera, mzee." Mjiolojia alimwonea huruma, ingawa si sana.

Meneja alikuwa na simu sikio hili na nyingine sikio lile. "Una hakika? Nikiwaruhusu hawa jamaa wa mtambo waondoke, ndiyo basi tena."

"Andika jina langu."

Akatia saini. Kabla ya saa sita amri ikatoka: hakuna kisima cha tatu, mtambo ufunguliwe.

Alikwenda moja kwa moja hospitali, akiwaza usingizi tu. Alimkuta mama ameketi kitandani, anamenya chungwa, uso umechangamka. Kwa mara ya kwanza wiki ile mjiolojia akacheka kwa sauti. Akavuta kile kiti chake na kukaa, na leo hata mgongo haukumsumbua.

Nesi akaingia, mkanda wa kupimia presha ukining'inia mkononi.

"Namba mbili, haya, lete mkono," akamtania mama huku akiufunga. Kisha akamgeukia mwana. "Na wewe, mbona hukujibu ujumbe wangu wa saa nne?"