Kamba ya Baba

"Unaiharibu!" kaka mkubwa alifoka, lakini Yuditha alikuwa ameshaanza kuifumua kamba ya ng'ombe, ile aliyoisokota marehemu baba yao kwa magome ya mgomba. Tangu mazishi, kaka zake wawili walikuwa wakiigombania na hawasemeshani.

Nyuzi mbili ziliachana polepole. Kila mmoja ulibaki na mikunjo, kama vile vidole vya baba bado vinaubana.

"Tulia, kaka. Wanafunzi wangu nawafundisha hivihivi. DNA inayobeba urithi wetu ni nyuzi mbili zilizosokotana. Zikiachana, kila uzi unajijengea mwenzake mpya. Zinakuwa DNA mbili, na kila moja ina uzi wa zamani ndani yake."

Akampa kila mmoja uzi wake, akawasogezea magome makavu.

"Na ya baba itakuwa ipi?" aliuliza kaka mdogo.

"Sokoteni kwanza."

Kaka mkubwa alichana gome, akasokota. Kila alipoachia mwisho mmoja, kamba ilijifumua. Akaubana kwa kidole cha mguu, ukachomoka.

Akainua macho, akamtazama kaka mdogo.

"Njoo unishikie hapa."