Mwendo wa Mmarekani

"Tena," alisema Zedekiah, akairudisha sindano mwanzoni mwa santuri.

Were alitoa saksafoni mdomoni, akafuta midomo. Kitambaa chake kilikuwa tayari na madoa mawili ya damu. Zedekiah aliyaona vizuri tu, akajifanya hakuyaona.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Oktoba 1965, sebuleni kwa Zedekiah, mtaa wa Jamhuri, Nairobi. Hoteli moja ya katikati ya mji ilikuwa imeiahidi bendi yake kazi ya kila Jumapili, kwa sharti moja. Meneja alikuwa amechoshwa na twisti na rumba. Alitaka bibop, ule muziki wa Wamarekani weusi wa miaka ya arobaini, usio wa kucheza dansi bali wa kukaa kimya na kusikiliza vidole vya mtu vikikimbia. Huko kwao ulikuwa umeshazeeka. Nairobi ndiyo kwanza ulikuwa unaingia, na nani hakutaka kuwa wa kwanza kuupokea?

Santuri yenyewe ilikuwa ya Bwana Rasiklal wa Parklands, mwenye duka la vitambaa ambako Zedekiah alikuwa karani. Zedekiah aliiomba kwa unyenyekevu mwingi, akaibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Santuri zake zote zilikuwa ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande. Hii ilikuwa pana kama sinia, ya kwanza ya aina yake kuingia nyumba hiyo. Gramafoni aliachiwa na Mzungu mmoja aliyehama, na alichojua juu yake ni kuiwasha na kuizima.

Sindano ikagusa. Saksafoni ya Mmarekani ikachomoka, nyembamba, kali, noti zikimiminika bila kungoja mtu. Were alimfuata kidogo, akaachwa.

"Huyu mtu hapumui," alisema. "Zedekiah, nakuambia, mtu lazima apumue."

"Ndiyo maana yeye ni Mmarekani na wewe ni mtu ya Butere."

"Kwani wewe ni wa wapi?"

Kisilu, mpiga klarineti wao, alicheka. Zedekiah hakucheka.

Were aliomba gramafoni izimwe apige peke yake, vile wimbo ulivyomkaa moyoni. Akafumba macho. Ukatoka uleule, lakini mzito na wa taratibu, kila noti ikipewa nafasi yake ya kusimama. Kisilu alisahau sigara yake hadi ikamchoma kidole. Zedekiah mwenyewe, kama angekuwa mkweli siku hiyo, angekiri kwamba hajawahi kumsikia Were akipiga vizuri namna ile. Lakini kichwani mwake kulikuwa na hoteli tu.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini hiyo ni yako. Mimi nataka ya Mmarekani."

"Nipe mwezi moja, ndugu yangu."

"Meneja anatusikiza kesho."

Saksafoni ilikuwa mali ya bendi. Were aliivua shingoni, akaipangusa, akampa Kisilu, si Zedekiah aliyekuwa amenyoosha mkono. Yeye na Zedekiah walikuja Nairobi pamoja, wakalala kitanda kimoja Kaloleni miaka minne mizima. Alipofika mlangoni Were alisema tu, "Nisalimie shemeji."

Kisilu hakuwa na moyo wa Were, ila vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Walipata kazi. Kufika Krismasi kila kijana wa mji aliyekuwa na ala alikuwa anaikimbiza mpaka jasho limtoke, na bendi iliyopiga taratibu ikaitwa ya washamba. Watu walimsalimu Zedekiah barabarani kwa kuvua kofia.

Were alirudi Butere. Zedekiah alimwandikia barua mbili, kimya. Ya tatu ilijibiwa na Nanjala, mke wa Were: mume wake analima, hataki kusikia habari ya muziki, hata redio amempa jirani. Zedekiah aliumia sana. Aliisoma barua ile mara nyingi kuliko alivyotaka. Mwisho alijiambia kwamba mwendo si yeye aliyeupanga, ulipangwa Amerika, na anayeshindwa kuufuata asimlaumu mtu.

Jumapili moja asubuhi, mwezi wa Januari, aliirudisha santuri Parklands. Bwana Rasiklal alimkaribisha sebuleni, mkewe akaleta chai.

"Nasikia bendi yako nashinda wote sasa," alisema mzee, akiitoa santuri kwenye jalada lake na kuipuliza vumbi. "Kaa. Sikia kwanza mwalimu yenyewe."

Aliiweka kwenye mashine yake, kisha akainama na kusogeza kijiti kidogo pembeni.

"Hii kubwa lazima zunguka polepole, bwana. Ukiacha pale ya ile ndogo, yote nakimbia kama kuku."

Sindano ikagusa. Saksafoni ikatoka nzito, ya taratibu. Zedekiah alikuwa anainua kikombe, akakirudisha mezani. Aliusikiliza wimbo tangu mwanzo hadi mwisho bila kutikisika, macho yake yakiwa kwenye mlango wa chumba cha pili, kana kwamba kuna mtu amejificha huko.

"Bwana Rasiklal," aliuliza, "Were alikuja kurekodi hii lini?"