Mama Kijacho

Saumu aliinamisha kichwa ili Tunu amsuke kisogoni, simu ikiwa mapajani. Mimba yake ilikuwa na miezi miwili, na vidonge vya chunusi alikuwa bado anavimeza kila asubuhi.

"Afadhali, dada Tunu, nimepata jibu mtandaoni," alisema. "Kuna mwenzetu anajiita Mama Kijacho. Sikiliza: 'Jamani, msiogope. Mimi nina mimba ya miezi minne, vidonge hivyo nilivitumia na niko salama salimini.' Watu mia tatu wamemlaiki."

Vidole vya Tunu vilisimama. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyaandika miaka saba iliyopita, akifurahi kumtuliza mtu asiyemjua. Mwezi wa saba wa mimba ile alirudi kutoka hospitali mikono mitupu, na ukurasa ule hakuufungua tena.

"Usivimeze tena, mdogo wangu. Leo hii nenda ukamwone daktari."

"Lakini huyu alivitumia, na anasema..."

"Hakurudi kueleza mwisho wake."

Saumu aligeuka ghafla, msuko ukamponyoka Tunu. "Kwani unamjua?"

Tunu aliichukua simu, akashuka na kidole kupita shukrani za wanawake wengi, hadi ya mwisho, iliyoandikwa jana tu:

"Ahsante sana, Mama Kijacho, umenitoa hofu. Mtoto hajambo? Bila shaka keshaanza shule."

Nyuma ya shingo ya Saumu, msuko uliendelea kufumuka wenyewe, taratibu.