Bwana Nusu

Wanaume wengine wa kijiji walipooga bwawani walipandisha vikoi vyao mapajani, chale zao zionekane. Pelenato peke yake alioga amefunga kikoi chini ya magoti, kikalowa, akarudi nacho nyumbani kikimng'ang'ania miguuni.

"Bwana Nusu!" binamu yake Iakopo alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya maji. "Pandisha tuone ulipoishia!"

"Nilipoishia panatosha," Pelenato akajibu, akaendelea kujipaka sabuni.

Kisa chake hakuna Msamoa wa kisiwa kile asiyekijua. Ujanani alilala mkekani kwa fundi Lafaele ili achanjwe chale za kiume, toka kiunoni mpaka magotini, kwa chanuo la jino la nguruwe linalochovywa wino na kugongwa kwa kijiti. Anayeanza humaliza, anayekatisha huzikwa na aibu yake. Kiuno kilikwisha, paja la kulia likakwisha. Katikati ya paja la kushoto Pelenato akapiga yowe: "Basi! Siwezi tena!" Akanyanyuka akichuruzika damu, akaenda zake.

Siku ile ile Lafaele, fundi aliyesifiwa kwamba hajawahi kukosea mstari, alilifungia chanuo lake sandukuni. Alisema hataki tena kuona uso wa mtu, akajifungia ndani mpaka kufa. Kwa hiyo Pelenato alibebeshwa aibu mbili, ya woga wake na ya kuuzima mkono wa fundi mkuu. Kila Jumapili alimpelekea mzee yule magimbi na samaki, akakaa naye hadi jioni. Watu wakasema, anaomba msamaha.

Sasa cheo cha ukoo kilikuwa wazi. Wazee walimtaka Pelenato, maana alijua kusema na alijua kunyamaza. Lakini mtu nusu, walisema, hashiki cheo kizima. Akamilishe chale zake kwanza, la sivyo Jumamosi cheo kitakwenda kwa Iakopo.

Mwanawe Viliamu alipanda ndege kutoka Auckland, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na Setefano, mwana wa marehemu Lafaele, aliyepelekwa ng'ambo angali mtoto wa kubebwa na kujifunza kazi ya baba yake kwa mafundi wengine.

Watu walijaa barazani. Mkeka ulitandikwa. Setefano akapanga machanuo yake kwa adabu.

"Baba," Viliamu alianza, "mimi huko nimehudhuria semina. Wanatufundisha kwamba kila siku mtu awe bora kuliko alivyokuwa jana."

"Jana nilikuwa Pelenato. Leo nikiamka mtu mwingine, nani atakula magimbi yangu?"

Baraza likacheka. Viliamu hakucheka.

"Ni kujikamilisha tu, baba. Uwathibitishie."

"Niwathibitishie nini?"

"Kwamba wewe ni mwanamume!"

"Wewe umetoka wapi, kwenye ganda la nazi?"

Iakopo alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. "Mwacheni jamani! Mimi nilikuwepo, ndimi niliyekuwa nikimfuta damu. Jua la utosini, na mzee Lafaele akaitisha taa! Taa, mchana kweupe! Nikamwambia, mzee, hata ukiwasha taa kumi, ujasiri wa huyu hutauona!"

Kicheko kikaangusha hata watoto waliokuwa wamekaa ukingoni mwa baraza. Pelenato alingoja kiishe. Kisha akaukunja mkeka uliotandikwa kwa ajili yake, taratibu, pindo juu ya pindo, akamkabidhi Iakopo.

"Chukua cheo," alisema. "Nimechoka na watu wanaotaka niwe bora. Nikitaka kuwa bora nitawaambieni. Msiningoje kwa chakula."

Viliamu aliinamisha kichwa. Jicho lake lilikuwa limeiva. "Umenivua nguo mbele ya watu, baba."

"Wewe umetaka kunivua mimi. Tumelipana."

Setefano alimfuata hadi njiani, chini ya mishelisheli, ambako hakuna aliyewasikia.

"Mzee wangu, cheo si shughuli yangu. Mimi nina ombi langu. Wewe ni kazi ya mwisho ya baba. Sikumjua, na sina hata picha yake. Nionyeshe hilo paja tu, niutazame mkono wake. Sitaligusa."

Pelenato alisimama. Mkono wake ulishuka mpaka kwenye fundo la kikoi, ukakaa pale.

"Wanamsemaje baba yako huko mafundi wenzako?"

"Kwamba hajawahi kukosea mstari. Nami najitambulisha hivyo kila niendapo: mwana wa Lafaele, asiyekosea mstari."

Pelenato akaukaza ule mkono, na fundo likakazika nao.

"Basi ukitaka kumjua, katazame mapaja ya wazee wengine. Langu ni langu."

"Lakini mzee—"

"Hata ningekufa leo, nimeagiza nizikwe na kikoi changu. Nenda, kijana."

Baragumu la sala ya jioni lilipolia na kila mtu akaingia ndani, Pelenato alishuka bwawani peke yake. Hapo ndipo alipofungua kikoi. Mistari ya paja la kulia ilikuwa imenyooka kama uzi wa mshipi. Ya paja la kushoto ilianza vizuri, ikayumba, ikapandana, ikaiacha njia yake, kama nyayo za mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango gizani, siku ambayo jua lilikuwa la utosini.