Viatu vya Ami Shaibu

Ami Shaibu alivua viatu mlangoni, akaketi, akamwamuru Saumu aache hayo masomo ya historia ya Japani chuoni, asomee uhasibu kama wenzake.

"Historia ya watu wa mbali itakufaa nini? Hata ya kwetu hujaimaliza."

Saumu alimmiminia kahawa. Kisha akaenda kuchuchumaa mlangoni, akavigeuza viatu vya ami yake vikatazama nje.

Mzee akaweka kikombe chini. "Unanifukuza?"

"Wajapani humfanyia hivyo mgeni wanayemheshimu, ami. Akiondoka asihangaike kuvigeuza."

"Na hapa kwetu?"

Saumu hakuinuka. Alivisogeza vikae sawa, kimoja kando ya mwenzake, vyote vikiielekea barabara.

"Masomo siachi," alisema. "Kunywa kahawa, ami. Itapoa."