Kikombe cha Hemedi

Kila asubuhi mashine ya jikoni ilimimina chai vikombe viwili, cha Hemedi bila sukari, ingawa Hemedi alikuwa kaburini na mjane wake, Mwanamisi, alishatoka eda. Maagizo ya kila nyumba yalihifadhiwa mtandaoni, na sheria ilikuwa moja: anayetaka kubadili hata neno hupeleka ombi, na mwenzake wa nyumbani huliidhinisha.

Mwanamisi akawapigia simu wahudumu wa hifadhi hiyo ya maagizo.

"Nataka kikombe kimoja tu, mwanangu. Sasa aniidhinishie nani?"

"Pole sana, mama," akajibu binti wa huduma. "Lakini huhitaji ombi jipya. Kuna la marehemu, linakusubiri wewe."

"La nini?"

"La kuondoa kikombe chake. Alilileta wiki mbili kabla hajafariki. Sema ndiyo tu, nitalipitisha."

Wiki zile simu ya Mwanamisi ililia mara kwa mara kwa ujumbe wa hifadhi, asiufungue. Alikuwa akimlisha Hemedi uji na kumwambia atapona, na Hemedi akiitikia kila mara, "Inshallah, mke wangu."

"Mama, upo?"

Mwanamisi akakata simu. Akakivuta kikombe kisicho na sukari, akakinywa chote.